Akiharli, Akimharli

Dod Birnie hakuwa ameugusa uji wake. Bakuli lilikuwa pale pale kwenye benchi la mahabusu tangu asubuhi, uji wa shayiri umefanya utando juu, na fundi mwenyewe ameegemea ukuta akichokoa chokaa iliyomkaukia chini ya kucha.

"Kula, Birnie," Inspekta Finlay MacAskill alimwambia. "Aberdeen si hapo jirani."

"Huko Aberdeen wananyonga mtu akiwa ameshiba?"

Inspekta alitazama saa yake. Kunyongwa huko alikuwa akikuwaza tangu alipoamka. Saa nane mchana mwendesha mashtaka angefika na gari lake, angesoma maelezo ya shahidi, angetia sahihi, na Birnie angeondoka kijijini Drumlassie kwa kosa la kumuua Charlie Riddoch, mwenye kinu cha kusagia nafaka. Mwaka ule, mwaka wa kutawazwa malkia, kosa la namna hiyo lilikuwa bado linaishia kwenye kamba. Na mtu akishaning'inizwa, hata Inspekta akigundua baadaye kwamba alikosea, ataenda kumwomba radhi nani?

Kesi yenyewe ilikuwa imenyooka mno. Jumamosi asubuhi Riddoch alikutwa bwawani nyuma ya kinu chake, chini ya barafu nyembamba, kisogo kimepasuka. Alama za kuburutwa zilitoka lango la nyuma, zikapita chini ya ukuta wa ubavuni, zikaishia majini. Birnie alikuwa na kisa naye, kila mtu alikijua. Lipu aliyoipiga kwenye ukuta ule ilibanduka yote majira ya baridi yaliyopita, na tangu siku hiyo Riddoch hakuwa na mzaha mwingine, mlangoni mwa kanisa, mnadani, baa, popote penye watu: ukuta wa Birnie umevua nguo. Birnie alipoulizwa Ijumaa jioni alikuwa wapi, alisema nyumbani. Kumbe si nyumbani. Bi Beldie Duguid, ambaye dirisha lake linatazamana na kinu, alikuwa amemwona.

Sajini Lendrum alisimama mlangoni, penseli tayari. Alikuwa mzaliwa wa hapo hapo, mwanamume mkubwa mpole ambaye watoto walimsalimia kwa jina. Maelezo ya Bi Beldie ni yeye aliyeyachukua, akayaweka katika Kiingereza safi cha serikali ili wakubwa wasihangaike na lugha ya wakulima: Nilimwona Birnie nyuma ya kinu akiburuta kitu kizito.

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho kabla mkubwa hajafika," Inspekta alisema. "Ijumaa jioni ulikuwepo kinuni au hukuwepo?"

Birnie alimtazama Lendrum, akatazama sakafu. "Nilikuwepo."

"Ukifanya nini?"

"Nikiharli."

Penseli ya Lendrum ikakimbia. "Umesikia, afande? Amekiri kwa kinywa chake."

"Amekiri nini?"

"Kuharli. Kuburuta. Ndilo neno alilolitumia Bi Beldie."

Neno lenyewe kwao ni harl, na kwa kuwa ndilo lililokuwa linampeleka mtu kitanzini, hatutalitafsiri. Tutalinyambua hivyo hivyo. Inspekta MacAskill alilisikia kwa shida kama maneno mengi ya upande ule. Yeye alizaliwa kisiwani Skye, akanyonyeshwa Kigaeli, akapigiwa Kiingereza shuleni kwa fimbo. Kiskoti cha hawa wakulima wa mashariki hakufundishwa na mama wala fimbo. Lakini macho alikuwa nayo, na aliona Birnie alivyobaki mdomo wazi.

"Nani kasema kuburuta?" Birnie alifoka. "Sikuburuta hata gunia! Nilikuwa naharli! Naharli ukuta!"

Lendrum akatikisa kichwa kwa huzuni. "Ukuta, Dod? Novemba hii? Na jalidi ile ya Ijumaa iliyogandisha mpaka maji ya kisima?" Akamgeukia Inspekta. "Ni kweli, afande, neno lina maana mbili. Kuburuta, na ile lipu yetu ya kurusha, chokaa na changarawe. Lakini ile ya lipu inaisha Septemba. Chokaa ikipigwa na jalidi kabla haijashika, imekwenda. Kwa hiyo ukimsikia mtu wa Drumlassie anasema kuharli mwezi huu, ni kuburuta tu. Muulize yeyote."

"Ni kweli, Birnie?"

Fundi alirudi kuchokoa kucha. "Ni kweli. Hakuna mwenye akili zake anayeharli kwenye jalidi."

"Lakini wewe uliharli."

"Ndiyo maana nilikwenda giza likiingia, watu wamejifungia." Akaacha kuchokoa kucha. "Wazee wa kanisa wanatafuta fundi wa mnara, wampe kazi ya masika. Walisema Jumatatu watazunguka waone kuta zangu. Na ukuta wa Riddoch ndio unaoonekana kwanza ukitoka barabarani, uchi kama ulivyozaliwa. Nikasema niupige kidogo, ushike mpaka Jumatatu tu. Nilijua Riddoch Ijumaa yuko baa."

"Kwa nini hukusema hivyo tangu mwanzo?"

"Nikisema nini, afande? Kwamba Birnie, mwana wa Birnie, mjukuu wa Birnie, karusha chokaa Novemba? Bora waniite mwongo."

"Sasa wanakuita muuaji."

Birnie alivuta bakuli la uji, akalitazama, akalisukuma tena.

Nje, Inspekta alimeza hewa ya baridi na kujaribu kufikiri. Hadithi ya fundi ilikuwa ya kipuuzi kiasi kwamba mtu angeona haya kuibuni. Lakini mahakamani angeiamini nani? Wazee wa baraza, nusu yao wakulima, wangetikisa vichwa kama Lendrum, halafu wangetoka kwenda kujadiliana wakiwa wameshaamua. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na shule, na ndani ya shule Mwalimu Cheyne, mstaafu asiyetaka kustaafu, ambaye Inspekta alikuwa ameambiwa anakusanya maneno ya kienyeji kama wengine wanavyokusanya mayai ya ndege.

"Huyo atakuweka mpaka Pasaka," Lendrum alimwonya.

"Washa gari. Sikawii."

Mwalimu Cheyne alikuwa anakula mkate na jibini juu ya meza ya darasa. Aliposikia neno, macho yalimng'aa.

"Harl! Asili yake? Ah, Inspekta, umenigusa kidonda. Nimemtafuta baba wa neno hilo nikachoka. Wapo wanaosema ni neno moja, kuburuta ndiko kulikotangulia, na lipu ikaitwa hivyo kwa sababu chokaa huburutwa ukutani kwa mwiko. Lakini nani anaburuta? Inarushwa! Wapo wengine wanaoleta Kifaransa, kila wakikwama wanakimbilia Kifaransa. Mimi nasema..."

"Mwalimu, nina mtu mahabusu na muda unaniishia. Watu wa hapa wakilisema, wanajuaje linakusudiwa lipi?"

"Kwa majira."

"Hilo nimeambiwa. Kwa nini kingine?"

Mwalimu akatafuna polepole, akamtazama kama mwanafunzi aliyeuliza swali la maana bila kutarajiwa. "Unajua hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo? Ngoja." Akajisemea sentensi mbili tatu kwa sauti ya chini, kichwa upande. "Kuburuta lazima utaje kinachoburutwa. Naharli gunia. Namharli ng'ombe. Ukiacha hewani, mtu atakuuliza: unaharli nini? Lakini lipu, aa, lipu hatutaji. Ukuta unajulikana. Dod Birnie anaharli, basi, umemaliza."

"Hata Novemba?"

"Sarufi haijui Novemba, Inspekta."

MacAskill alitoka mbio, karibu ateleze kwenye ngazi. Akajitupa ndani ya gari. Lendrum aliweka gia na gari likaanza kupanda taratibu kuelekea kinuni, magurudumu yakitafuta pa kushika.

"Sajini, Bi Beldie alitaja kitu?"

"Afande?"

"Umeandika akiburuta kitu kizito. Alisema kitu? Alisema kizito?"

Lendrum hakuondoa macho barabarani. "Nakumbuka alisema akiharli. Kiingereza hakikubali mtu aburute hewa, nikaweka kitu. Nilifanya vibaya?"

"Bado sijui."

Walipita baa. Lendrum akapunguza mwendo na kupumua kwa nguvu. "Unajua linaloniuma, afande? Kila Ijumaa mimi ndiye niliyekuwa namtoa Riddoch humo ndani nikampeleka mpaka mlangoni kwake. Akilewa miguu haimbebi. Ijumaa ile moja tu ndiyo nilikwenda kutafuta ng'ombe waliopotea juu mlimani. Ningekuwepo, angekuwa hai."

"Ng'ombe walipatikana?"

"Walirudi wenyewe."

Kwenye kona ya bwawa gari liliserereka. Maji meusi yakaja upande wa Inspekta, karibu kabisa, barafu imevunjikavunjika pale walipomtolea marehemu, naye akajikuta ameshika ukanda wa mlango kwa mikono miwili. Lendrum alizungusha usukani bila haraka, gari likatulia. Akatabasamu. "Usijali, afande. Barabara hii naijua nikiwa nimefumba macho." Inspekta hakujua kuendesha gari, na siku ile alijuta kuliko siku zote.

Theluji ya Jumamosi usiku ilikuwa imefunika kila kitu kinuni. Ukuta wa ubavuni ulisimama mtupu, mawe matupu, na vipande vichache vyeupe vimeng'ang'ania huku na huku.

"Unaona?" alisema Lendrum. "Kama aliharli, iko wapi?"

"Wewe umeniambia iko wapi. Imekwenda." Inspekta alichukua koleo lililoegemezwa mlangoni, akaanza kufukua chini ya ukuta.

Hakufika mbali. Chini ya theluji koleo liligota tabaka jeupe, rojo lililoganda na kuvunjika, limejaa changarawe. Lilikuwa limeanguka vipande vipande, limelala pale pale lilipodondoka. Lendrum akaja kuangalia, akaweka buti lake kubwa juu ya bonge moja na kulisaga.

"Hii ni ile ya mwaka jana, afande."

"Ondoa mguu, Sajini."

Alisema kwa ukali kuliko alivyokusudia. Lendrum akarudi nyuma. Inspekta akaokota bonge jingine, akalibonyeza. Likavunjika kama jibini, ndani bado bichi. Chokaa ya mwaka jana ingekuwa jiwe. Akafunga vipande viwili ndani ya leso, akatazama mikono yake iliyobaki na weupe.

Kwa hiyo Birnie alisema kweli. Alikuwa anapiga lipu. Inspekta alisimama pale akilikumbuka koti la marehemu, koti alilolikagua mara nyingi kituoni. Mgongoni chokaa, tele. Visiginoni chokaa. Walikuwa wamesema wote, naye mwenyewe alikubali: chokaa ya Birnie, basi Birnie. Lakini mtu anayeburutwa kwa mgongo hushikwa wapi? Makwapani. Na makwapani lile koti lilikuwa safi. Birnie mpaka leo, Jumanne, alikuwa na chokaa kwenye kucha. Ijumaa mikono yake ilikuwa nyeupe mpaka viwikoni. Angemshika mtu makwapani asimwachie doa?

Chokaa ya mgongoni ilitoka ardhini hapa, pale Riddoch alipopitishwa juu ya rojo bichi lililomwagika chini ya ukuta. Alipitishwa baada ya fundi kuondoka, na aliyemburuta alikuwa na mikono misafi.

"Labda Birnie alivaa glavu," Lendrum alisema nyuma yake.

Inspekta aligeuka. Hakuwa amesema neno kwa sauti.

"Nimekuona unatazama mikono yako, afande," Lendrum akaeleza. "Nikadhani unawaza hilo."

"Ndilo nilikuwa nawaza. Twende kwa Bi Beldie."

"Yule bibi anaumwa sana. Kifua kimembana. Na akili, siku hizi, inakuja na kuondoka. Mwendesha mashtaka yuko njiani, sisi..."

"Twende, Sajini."

Nyumba ilikuwa ng'ambo ya bwawa, mwendo wa kupiga kelele ukasikika. Aliyefungua mlango ni Teenie, mpwa wa Bi Beldie, mwanamke wa makamo mwenye unga mikononi. Badala ya kuwakaribisha, alitoka nje na kurudisha mlango nyuma yake.

"Samahani, afande," alinong'ona. "Ingieni, ila msimtajie kifo cha Riddoch. Daktari amekataza asishtuliwe, moyo wake haufai. Hatujamwambia, na Jumamosi kutwa sikumfungulia pazia."

Inspekta alidhani amesikia vibaya. "Hajui kama Riddoch amekufa?"

"Hajui kitu. Anadhani amelala na ulevi wake."

"Sajini, ulipokuja kumhoji ulimwambia unauliza nini?"

"Nilimuuliza tu Ijumaa aliona nini dirishani, afande," alisema Lendrum. "Sikutaka kumshtua." Akapuliza viganja. "Mimi nibaki na gari. Injini itaganda."

"Iache igande. Nahitaji mtu wa kuandika. Na wewe, mama, nitakuomba usitoke chumbani. Sheria yetu haimtii mtu hatiani kwa shahidi mmoja, lazima wawe wawili. Atakachosema shangazi yako, sikia na wewe."

Bi Beldie alikuwa kitandani karibu na dirisha, shali mbili mabegani, uso mdogo umekunjamana na macho makali ajabu. Alimpita Inspekta kwa macho kama fanicha mpya, akamtazama Lendrum.

"Lendrum mwanangu! Umekonda. Tangu mkeo akimbilie Dundee hupikiwi?"

"Najipikia, Bi Beldie."

"Unajipikia! Angalia suruali inavyokupwaya. Na yule mpuuzi Riddoch bado anauimba ule wimbo wake wa Dundee? Ijumaa nilimsikia mpaka hapa. Mke wa mtu si wa kuimbwa barabarani. Mwambie nimesema akome."

Lendrum aliinamia daftari. Masikio yake yalikuwa yamewiva.

"Bibi," Inspekta alivuta kiti, "mimi naitwa MacAskill. Nimetoka Skye. Lugha yenu inanipa taabu kidogo, nakuomba unieleze taratibu."

"Mtu wa visiwani!" Bi Beldie alimhurumia. Akapandisha sauti, kama watu wafanyavyo kwa wageni na viziwi. "UNATAKA NINI?"

"Ijumaa jioni. Uliona nini hapo dirishani?"

"Si nilishamwambia huyu? Na macho yangu usiyatilie shaka. Kusoma siwezi, lakini kuku akiwa ng'ambo ya bwawa nitakuambia jogoo au tetea. Na mwezi ulikuwa mkubwa. Nilimwona Dod Birnie, akiharli."

"Akiharli nini?"

"Akiharli nini!" Bibi akamgeukia mpwa wake. "Teenie, huyu wamemtoa wapi? Akiharli, baba. Mtu akiharli anaharli. Ukuta! Haya, ukuta! Kila akirusha nasikia mpaka hapa, pwa, pwa. Nikasema Dod kaingiwa na wazimu, jalidi yote hii."

Inspekta aligusa leso yenye chokaa mfukoni. Akatazama kando. Penseli ya Lendrum ilikuwa juu ya karatasi, haijasogea.

"Andika, Sajini."

Penseli ikasogea.

"Akamaliza," Bi Beldie aliendelea, amenogewa na hadhira, "akakusanya ndoo zake, akaenda zake amejiinamia kama mwizi wa mayai. Halafu kidogo akaja yule mwingine, naye akimharli."

"Naye akiharli?"

"Akim-harli. Wa visiwani hamna masikio? Birnie alikuwa akiharli. Huyu alikuwa akimharli. Akimharli Riddoch, kamshika makwapani, visigino vinalima chini. Kama kila Ijumaa. Nikafunga pazia, baridi ilikuwa inaniingia."

Chini barabarani gari lilipita likielekea kijijini, injini yake nzito, si gari la mtu wa hapo. Mwendesha mashtaka alikuwa amewahi. Teenie alisimama na buli mkononi, hamimini. Inspekta akaisikia sauti yake ikitoka ya upole mno, kama ya mtu anayemwita farasi asiyemjua.

"Nani alikuwa akimharli, bibi?"

"Nani!" Bi Beldie akacheka mpaka akakohoa. Teenie akakimbilia kumshika mgongo. "Nani humharli Riddoch kila Ijumaa? Si umekuja naye?" Akanyoosha kidevu kumwelekea Sajini. "Na nilimwambia mwenyewe siku ile aliyokuja kuniuliza. Nikamwambia, mmoja akiharli, na mwingine akimharli, kama ujuavyo mwenyewe. Akaniambia ahsante, Bi Beldie, inatosha."

Inspekta hakumgeukia Lendrum. Alijua alipo, alijua ukubwa wa mikono yake, alijua kwamba kati ya kiti na mlango hakuna kitu isipokuwa mwanamume yule. Alijua pia kwamba kikongwe mwenye moyo mbovu, mbele ya wakili mzuri, ni shahidi wa kuangushwa kwa maswali matatu. Wakili akitaja mwezi, akitaja pazia, akitaja kifua, Birnie amerudi palepale. Bibi peke yake hatoshi.

"Sajini," alisema. "Nisomee sentensi ya mwisho uliyoandika."

"Akaenda zake," Lendrum alisoma.

"Endelea kuandika kama alivyosema yeye. Kwa lugha yenu, si kwa Kiingereza. Kisha mwingine akaja, akimharli Riddoch."

Penseli iligusa karatasi. Inspekta aliisikia ikikwaruza: kisha mwingine akaja. Ikasimama.

"Yamebaki maneno mawili tu, Sajini."

Lendrum alikuwa ametoa kofia yake, hakuna aliyeona aliitoa saa ngapi. Aliishika magotini pamoja na daftari, paji la uso limelowa, akitazama dirishani ambako ukuta wa kinu ulionekana wazi, mawe kwa mawe, kama mtu anayepima umbali.

Bi Beldie aliwatazama wote watatu, mmoja mmoja. Cheko lilimtoka usoni polepole. Akamtazama Teenie, aliyekwepesha macho. Akamtazama mgeni wa visiwani. Akarudi kwa yule mwanamume aliyemjua tangu anatambaa.

"Mbona mmenyamaza hivyo?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo sasa. "Lendrum mwanangu. Kwani hukumfikisha kwake?"

Teenie akaweka buli mezani. Inspekta alimtazama, akaona kwamba anasikiliza.

"La, Bi Beldie," alisema Lendrum. "Sikumfikisha."